Nilimwuzia Uzi Tu

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka la Himatlal mjini Thika halina adabu hata kidogo. Mafundi wa viatu kutoka Makongeni wanasukumana na washona mabegi wa Witeithie, mikono yote iko juu, na kila mmoja anaapa kwamba ndiye aliyetangulia. Huyu anataka gundi, yule misumari ya soli, mwingine anagonga kaunta kwa kiatu cha mteja wake. Katikati ya vurugu hiyo alijipenyeza Nekesa, na gauni lake la kitenge cha manjano lenye mikono ya puto, kilemba amekifunga vizuri kabisa. Alipofika mbele, kilemba kilikuwa kimehamia sikioni na hasira zilikuwa zimeshampanda.

"Sasa," alimsalimia kijana wa kaunta. "Nipatie pini za ngozi."

"Pini za nini?"

"Za ngozi. Za kushikisha ngozi kabla ushone. Kama za nguo, lakini nene."

Fundi mmoja aliyekuwa kando alicheka mpaka akajishikilia. Kijana wa kaunta alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Madam, ngozi haichomwi pini. Nguo ukichoma, tundu linajifunga. Ngozi ukichoma, hilo tundu ni lako milele."

"Milele?"

"Milele na milele."

"Amina," akaitikia yule fundi, na duka zima likaangua kicheko.

Nekesa hakucheka. Nyumbani kwake Kiuu, huko Ruiru, alikuwa ameacha kipande kizima cha ngozi nzuri alichokichoma pini pande zote, kama ambavyo angefanya na kola ya shati.

Hebu niwaeleze alivyofika hapo, maana kisa chenyewe kinaudhi. Nekesa ni fundi wa nguo, tena fundi hodari, mwenye cherehani yake chini ya kibaraza na wateja wasioisha. Kule Kiuu kuna kikundi cha vijana kinachokutana kwenye ukumbi wa kanisa. Msamaria mmoja aliwaletea magunia ya ngozi, akasema wajifunze kutengeneza mishipi, mikoba na sandali. Kiongozi akauliza, nani atawafunza? Watu wenye akili wakaangalia chini. Nekesa akainua mkono. "Ngozi si ni kitambaa kigumu tu?" alisema, na vijana wakampigia makofi. Masomo yangeanza shule zikifungwa Agosti. Tangu siku hiyo hakuwa amelala vizuri, kwa sababu ngozi si kitambaa kigumu, na alikuwa amekwisha kuligundua hilo kwa kuvunja sindano za cherehani.

Sasa alisimama mbele ya kaunta, amechekwa na mji mzima, akitafuta mahali pa kutupia hasira. Macho yake yakatua kwenye mkono wa yule kijana. Shati lake la bluu lilikuwa limepigwa pasi na vifungo vimefungwa hadi kwenye vifundo vya mikono, mtu nadhifu kabisa, lakini kucha zake, hasa ya kidole gumba, zilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea.

"Na hicho kidole kimefanya nini?"

Kijana alificha mkono haraka. "Ni polishi."

"Polishi haiingii kwa kucha hivyo. Wewe unashona ngozi."

"Shh! Ongea polepole!" Aliangalia mlangoni kama mtu anayedaiwa kodi ya nyumba.

"Nifunze."

"Siwezi."

"Basi nitauliza kwa sauti. Jamani, huyu kijana..."

"Sawa! Sawa." Alijiinamisha juu ya kaunta. "Jumamosi ijayo, tukishafunga. Mlango wa nyuma. Naitwa Viren."

"Sikukuuliza jina," Nekesa alisema, lakini alilibeba jina hilo mpaka Ruiru.

Jambo moja mlijue mapema, maana Nekesa hakulijua na ndiyo sababu ya taabu yote hii. Familia ya Viren ni Wahindu wasiogusa nyama, na nyumbani kwao, palipo na mahali pa sala, ngozi ya ng'ombe haiingii. Viatu huachwa nje verandani. Babu yake, mzee Himatlal, alipofungua duka aliweka sharti: uzi sawa, gundi sawa, vyuma vya mishipi sawa, lakini ngozi yenyewe hapana, fundi aitafute kwingine. Mzee alikufa, sharti likabaki, na mama yake Viren, Jyoti, akalishika kama alivyoachiwa. Lakini Viren alikulia kwenye kaunta ile, akiwatazama mafundi mikono, na mikono yake ikawasha kutaka kujaribu. Akajifunza kwa siri. Ngozi yake aliificha stoo, nyuma ya makatoni ya gundi.

Sasa tazama ujinga wa mtu anayependa. Jambo hili dogo la ngozi, ambalo lingeelezwa kwa kikombe kimoja cha chai, Viren hakumwambia Nekesa. Mwanzoni aliona halimhusu. Baadaye, moyo ulipoanza kumhusu sana, aliogopa kwamba Nekesa angesikia maneno haya tu: kazi yako ni uchafu kwetu. Kwa hiyo akanyamaza. Na mtu akinyamaza, mwenzake hujijibia mwenyewe.

Masomo ya stoo yalianza, na yalikuwa mateso. Mshono wa ngozi unataka uzi mmoja wenye sindano mbili, moja kila mwisho, zikipishana kwenye tundu moja. Nekesa, aliyezoea cherehani inayokwenda mbio, aliona ni adhabu.

"Vuta," Viren alisema. "Vuta... usivute hivyo!"

"Amua! Nivute ama nisivute?"

"Vuta kama unamwita mtu, si kama unamfukuza."

"Mimi sijui kuita watu. Watu hukuja wenyewe."

Mshipi wake wa kwanza ulipinda kama barabara ya kwenda Ngoliba. Wa pili ulikuwa mfupi kuliko kiuno cha mtu yeyote aliye hai. Siku moja aliutupa ukutani, akaketi juu ya katoni na kulia machozi ya hasira.

"Siwezi. Hao watoto wameniamini. Nitasimama mbele yao niseme nini?"

Viren aliuokota ule mshipi, akaupangusa, akaketi kando yake. "Utasema umeharibu ngozi nyingi kuliko mtu mwingine yeyote Ruiru. Hakuna kosa watafanya na hulijui."

Nekesa alimtazama, akacheka na machozi bado yapo. Mkono wa Viren, wenye kucha za kahawia, ulikuwa juu ya mkono wake, na wote wawili walijifanya hawajauona. Wakakaa hivyo mpaka gundi ikakauka kwenye kopo.

Baada ya hapo simu hazikuisha.

"Mpenzi, umekula?"

"Wacha mambo ya kula. Niambie kwa nini uzi wangu unakatika."

"Umepaka nta?"

"Nta gani?"

"Ngai!"

"Wewe Mhindi unamwita Mungu Ngai kama Mkikuyu?"

"Nimezaliwa Thika, mama. Ulitaka niseme nini?"

"Usiniite mama, mimi si mama yako."

"Basi malkia wa Kiuu. Paka nta, malkia."

Alimpenda. Kwa nini nizunguke? Alimpenda mpaka akawa anashona nguo za wateja huku akitabasamu peke yake, na Dianah, rafiki yake aliyeuza mitumba kibanda cha pili, akawa anamcheka. Lakini kila Jumamosi furaha hiyo iliingiwa na mchanga. Mlango wa nyuma. Kofuli ndani. Mtu akibisha, Viren alizima taa na kumwekea kidole mdomoni. Wakimaliza, alijisugua kwa sabuni hadi viwiko na kubadilisha shati kabla ya kwenda nyumbani.

"Tutatoka lini?" Nekesa alimuuliza. "Hata kwenda kula chipsi tu, watu watuone. Kila siku tuko hapa kwa stoo kama panya."

"Karibuni."

"Karibuni ni siku gani?"

"Nekesa, niamini kidogo."

Kidogo, kidogo. Dianah aliposikia alibetua midomo. "Huyo amekuficha, dada. Msichana Mluhya wa Kiuu, mamake atasema nini? Mwanaume akikupitisha mlango wa nyuma ana sababu."

"Wewe unaona ubaya kila mahali."

"Na wewe huoni hata ukikanyagwa."

Neno hilo lilimkaa Nekesa. Kwa hiyo simu ilipoingia mwisho wa Julai, alidhani amesikia vibaya.

"Mami anataka kukuona," Viren alisema. "Jumapili, chai, nyumbani Section Nine."

"Mimi?"

"Alinisikia nikicheka kwa simu, akauliza ni nani huyo. Nikamwambia kuna msichana Ruiru, fundi wa nguo. Akasema mlete."

"Viren! Na ulikuwa unaogopa nini siku hizi zote?"

Hapo ndipo alipaswa kusema. Nafasi ilikuwa wazi kabisa mbele yake, na mimi ningemfinya kama ningeweza. Badala yake alisema, "Lakini plizi, usibebe kitu. Kitu chochote. Kuja tu na mikono mitupu."

"Sawa, sawa," Nekesa alijibu, na hakumaanisha hata neno moja. Kwao Bungoma kila mwenye nyumba hukwambia usibebe kitu, ni adabu yake kusema hivyo, na ni adabu yako kutomsikiliza. Kwenda kwa mama wa mtu unayempenda mikono mitupu ni kumwambia hukulelewa.

"Mpelekee kuku," Dianah alishauri.

"Hawali nyama, hilo Viren ameshaniambia. Kuku ni matusi, mimi si mjinga."

"Sukari basi, na unga."

"Wana duka, Dianah. Pesa ya sukari haiwapungukii. Nataka kitu cha mkono wangu, kitu ambacho hakiliwi."

Akatoa mkoba. Alikuwa ameushona peke yake, nyumbani, jioni baada ya jioni: mdogo, wa ngozi ya ng'ombe rangi ya chai, kifuniko cha nusu duara, mshono umenyooka kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kingo alizisugua kwa kitambaa na maji mpaka zikang'aa. Dianah, ambaye hasifu kitu bure, aliugeuza na kuugeuza. "Huu ni mzuri," alisema. "Huyo mama akikukataa na hii, ana shida yake."

Jumapili Nekesa alivaa gauni la bluu lililomfika kwenye vifundo vya miguu, akavua viatu verandani kama wengine, akaingia. Sebule ilinukia tangawizi na ubani. Kwenye kona palikuwa na rafu ndogo yenye picha, maua na taa ya mafuta. Jyoti alitoka jikoni na sari ya pamba ya kijani, bangili zikilia mkononi, uso umechangamka.

"Karibu, binti, karibu. Viren hakusema wewe mrefu hivi. Kaa. Unakula chevda, hii ya kutafuna na chai? Ina pilipili, lakini wewe naona si mwoga."

"Nakula, Anti. Asante."

Ilikuwa imeanza vizuri kiasi cha kumtia mtu huruma. Nekesa alisimama, akapiga goti kidogo, akautoa mkoba kwenye mfuko wa karatasi na kuunyoosha kwa mikono miwili.

"Nimekuletea, Anti. Nimeushona mwenyewe."

Jyoti alinyoosha mikono, kisha mikono ikarudi nyuma yenyewe. "Hii ni... ngozi?"

"Ya ng'ombe kabisa, Anti! Si hizi za plastiki."

Kikombe cha Viren kiligonga sahani. Nekesa alimwangalia, akaona sura yake imekuwa ya kijivu, akafikiri ni aibu ya kusifiwa, akazidi kulichimba shimo. "Viren ndiye alinifunza. Ana mikono mizuri sana."

Jyoti aligeuka taratibu. "Wewe? Wewe unafanya kazi ya ngozi?"

Na Viren, mwanaume mzima mwenye ndevu, alisema, "Hapana, Mami. Mimi nilimwuzia uzi tu."

Akainuka, akauchukua mkoba mikononi mwa Nekesa, akaupeleka verandani na kuuweka chini kati ya viatu. Aliporudi hakuna aliyekuwa amekaa.

"Binti," Jyoti alianza, "wewe hukujua. Sisi hapa ndani..."

"Nimeelewa, Anti. Pole kwa kukukosea." Nekesa aliukunja ule mfuko wa karatasi. Alipita mbele ya Viren bila kumtazama, akavaa viatu vyake, na mkoba akauacha pale pale.

Viren alimfuata hadi getini. "Nekesa, nisikilize. Si wewe, ni ngozi. Nyumbani kwetu ngozi..."

"Kumbe ungeweza kuniambia? Maneno mafupi hivyo?"

"Niliogopa utaona vibaya."

"Sasa nimeona vizuri?" Alicheka kicheko kikavu. "Nilidhani unanificha kwa sababu ni Mluhya. Ningeweza kuvumilia hiyo, watu hubadilika. Lakini umeniangalia kwa macho ukasema uliniuzia uzi. Saa zote zile, Viren! Rudi ndani. Chai yako inapoa."

Agosti ikafika, na shida zikaja nayo. Vijana walijaa ukumbini wiki ya kwanza, wanasukumana, wanapigana na nyundo. Nekesa aliwafunza mshono wa sindano mbili na ulikwenda. Mishipi ikaenda. Akapata moyo, akaingia kwenye sandali, kitu ambacho Viren alikuwa hajamfunza. Wakakata kanda, wakashona, wakavaa, wakatembea nazo Kiuu yote kwa fahari. Baada ya siku chache Awiti, msichana mwenye mdomo kuliko kikundi kizima, aliingia akiburuta miguu.

"Madam, hii sandali yangu ilikuwa yangu. Sasa imekuwa ya baba."

Kanda zote zilikuwa zimevutika na kulegea. Nekesa alizishika moja moja na hakujua kwa nini. Alikaripia kila mtu, akawaambia wamezivaa vibaya, akajua anaongea upuuzi, akaendelea kuongea. Wiki iliyofuata nusu ya viti vilikuwa vitupu. Kiongozi wa kikundi alipita, akaangalia viti, akasema kwa upole kwamba labda wangejaribu kutengeneza sabuni. Upole ule ulimuuma kuliko tusi.

Simu ya Viren iliita kila siku na kila siku aliikata. Siku hiyo ya sabuni aliishika.

"Nekesa, usikate."

"Sema."

"Sori."

"Sori ya nini?"

"Ya... ya vile mambo ilienda."

"Mambo haikuenda, Viren. Mambo ilipelekwa. Nani aliipeleka?"

Nekesa alisikia kaunta ikigongwa huko Thika, mafundi wakiitana.

"Sawa," alisema. "Ukijua unaomba msamaha ya nini, utanipata Kiuu. Hapa kwetu mlango uko mbele."

Huko Section Nine nako hakukuwa na amani. Jyoti alimpikia mwanawe, akamwekea sahani, na hakumpa neno zaidi ya "kula". Siku moja mchana Viren alisukuma sahani kando.

"Mami, umekasirika kwa sababu ya ngozi. Sema tu."

"Ngozi?" Jyoti aliweka kijiko chini. "Miaka yote hii unanuka kama kiatu kipya, unafikiri mimi sina pua? Unafikiri sabuni inadanganya mama? Nilijua, beta, mwanangu. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unaiacha dukani, na nilisema ipo siku utaniambia kama mtu mzima."

Jyoti alimsogezea tena ile sahani.

"Mkoba ule hauingii nyumba hii, hilo halitabadilika nikiwa hai. Lakini msichana nilimwalika mimi. Yeye aliingia hapa akasema ukweli, mbele yangu, na jina lako akalitaja kwa sifa. Wewe ukamwacha amesimama peke yake na aibu ambayo ni yako. Marehemu baba yako hangefanya hivyo. Na umeuweka mkoba wake na viatu!" Sauti yake ilipanda hadi jirani akachungulia. "Mimi nimeuondoa pale chini. Nimeuweka juu ya kiti, huko huko nje. Kazi ya mikono ya mtu haiwekwi na viatu. Nani amekufunza hivyo?"

Alhamisi, saa nne asubuhi, jua limewaka, Viren alipita katikati ya Kiuu na ngozi nzima iliyoviringwa begani, aproni ya kazi imejaa madoa, mikono ya shati imekunjwa hadi viwiko. Wauza mboga waligeuka. Dianah aliacha mteja na suruali mkononi, akamfuata nyuma bila haya, maana mambo kama hayo hayasimuliwi, huonwa.

"Madam!" Awiti alipaza sauti kutoka dirishani. "Kuna jamaa anakuja amebeba ng'ombe!"

Viren aliingia mlango wa mbele. Vijana wachache waliobaki waliweka nyundo chini. Nekesa, mwenye sandali iliyolegea mkononi na nywele zilizofungwa kwa haraka, alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Vijana, huyu anaitwa Viren," alisema. "Aliniuzia uzi."

"Si kweli," Viren alisema. Alikuwa anahema. "Nilimfunza mimi. Yote anayojua nusu ni yangu, na makosa yake nusu ni yangu pia, kwa sababu hakumaliza. Hakumaliza kwa sababu mimi ni mwoga. Mama yangu aliniuliza kama nafanya kazi ya ngozi, nikasema hapana. Alikuwa amesimama hapo, huyu, akanisikia nikimkana. Nekesa, naomba msamaha ya hiyo. Si vile mambo ilienda. Naomba msamaha ya kukukana."

"Uuuwi," Dianah alinong'ona mlangoni.

Nekesa bado alikuwa na hasira, na hasira hizo alikuwa na haki nazo. Alimrushia ile sandali. "Kwa nini inavutika?"

Viren aliidaka, akaikunja, akainusa karibu. "Umekata tumboni. Ngozi ya tumbo la ng'ombe hulegea. Kanda zote zikatwe mgongoni, na zifuate urefu wa ng'ombe." Akaikunjua ngozi aliyoibeba sakafuni, ikajaa ukumbi, mgongo na tumbo na mahali miguu ilipokuwa. "Njooni muone."

Vijana walimzunguka. Nekesa naye alipiga magoti, maana hata ukiwa umekasirika, kitu ulichokitafuta wiki nzima hukiachi. Walifanya kazi mpaka mchana. Alimkosoa kila alipoweza. Viren alipomkaribia sana, Nekesa alisogea, kisha akasahau kusogea. Awiti alikata kanda yake ya kwanza ya mgongoni, akaivuta kwa nguvu zake zote, haikuongezeka hata kidogo, akapiga yowe.

"Bado nimekasirika," Nekesa alimwambia Viren kwa sauti ya chini.

"Mpaka lini?"

"Usiniulize tarehe. Wewe ulikuwa unasema karibuni."

"Nekesa, nataka kukuoa."

Kisu kilimtoka mkononi. Vijana wote waliinua vichwa kwa pamoja, na Dianah akaingia ndani kabisa na kukaa.

"Kwenye nyumba gani?" Nekesa aliuliza, na sasa machozi yalikuwa yamekuja. "Ile ambayo kazi yangu inalala nje? Anti ana heshima zake, simlaumu hata kidogo. Lakini mimi ndiyo hii mikono. Siwezi kuivua mlangoni kila jioni."

"Hapana. Kwenye nyumba yetu, hapa Ruiru. Nimeshaiona, mbele ina nafasi ya meza ya kazi. Ngozi ndani, wewe ndani."

"Na mamako? Umemwambia, ama umemwambia unauza uzi?"

Viren alitoa simu, akapiga, akaiweka juu ya ngozi na kufungua spika. Iliita mara kadhaa, kisha mama yake akapokea.

"Beta? Umefika?"

"Nimefika, Mami. Niko Kiuu, nafunza vijana kazi ya ngozi pamoja na Nekesa. Nimemwomba anioe... hapana, nimemwomba nimwoe. Tutaishi huku, na ngozi itakuwa ndani ya nyumba. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."

"Wa kwanza wapi, nasikia watu wanacheka huko." Bangili za Jyoti zililia. "Nyumba yenu ni yenu. Mimi yangu sibadilishi. Binti anasikia?"

"Nakusikia, Anti," Nekesa alisema.

"Mimi ndani ya nyumba yenye ngozi siwezi kuingia. Ndivyo nilivyo, na nimezeeka. Lakini nitakuja kuwaona. Nitakaa verandani, nitakunywa chai hapo hapo." Sauti yake ikawa ndogo. "Kutakuwa na kiti?"

Nekesa alimtazama Viren aliyepiga magoti katikati ya ngozi, jasho linamtoka, vijana wote wakimwona. Akaichukua simu kwa mikono miwili.

"Kitakuwepo, Anti. Nami nitakaa na wewe."